Hewa ya Mgeni Rasmi

Mwenyekiti wa kamati aliibuka majini, akatema mpira wa kupumulia, akapenga kamasi, akaniangalia. Mimi nilikuwa nimekaa ndani ya boti, mtoto wa miezi saba mapajani, na mkononi nimevaa saa sita za wanaume, zimepangana kutoka kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko kama bangili za bibi harusi. Mwenyekiti alikuwa amekaa chini dakika nne. Najua ni nne kwa sababu saa zote sita zilikubaliana, jambo ambalo wenye saa hizo hawakuwahi kulifanya katika kikao chochote.

"Nimewaona," akasema. "Andika. Samaki wapo."

"Pono umewaona?"

"Wapo wa kila namna. Wana rangi."

"Rangi gani, ndugu mwenyekiti?"

Akafikiri. Maji yalikuwa yanamtiririka kwenye masharubu. "Rangi za kupendeza," akasema. "Wewe si ndiye mchoraji bwana? Utajua mwenyewe."

Hapo ndipo uvumilivu uliponiishia. Sikupiga kelele. Nilimlaza mtoto kwenye kanga, nikavuta ile chupa kubwa ya chai ya safari, nikafungua kifuniko, nikaimwaga yote baharini. Niliimwaga taratibu, mpaka ile sukari iliyokuwa imetuama chini ikateremka yenyewe kama mchanga. Wakati namaliza, kamati nzima ilikuwa inapiga ukelele. Mhasibu, aliyekuwa bado majini ameshika kamba, alinyoosha mkono ule mwingine na kukinga kiganja, kana kwamba bahari ingempimia sehemu yake.

"Sukari! Jamani, sukari hiyo!"

Msomaji uliyezaliwa baada ya miaka ile ya foleni huwezi kuelewa, kwa hiyo nitakueleza. Mtu angeweza kuvunja gari la ofisi, akasamehewa. Angeweza kupoteza faili, akapandishwa cheo. Lakini kumwaga chai yenye sukari, sukari ya kibali, tena mbele ya mashahidi! Nusu kilo ile niliipangia foleni mimi mwenyewe katika duka la ushirika la ofisi, tangu mlango haujafunguliwa, mtoto mgongoni, na uji wa mtoto huyo nyumbani ulikuwa na wiki ya pili hauna hata chembe. Niliipangia foleni kwa ajili ya chai ya kamati. Nikaipika chai. Nikaibeba. Nikaimwaga. Kazi yote ya chai ile, tangu mwanzo hadi mwisho, niliifanya peke yangu.

Sasa nieleze tulifikaje kule.

Nilikuwa mchoraji katika ofisi moja ya vitabu vya shule, hapo katikati ya mji, mwendo wa dakika ishirini kutoka chumba changu cha Kariakoo. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, mkono mwepesi, na mume aliyehamishiwa kiwanda cha bara ambaye barua zake zilikuja zikiwa zimefunguliwa na mvua. Nilichora kila kitu kilichoingia katika kitabu cha sayansi: jino, mbegu ya maharage, mbu akiwa ameinua mgongo. Samaki niliwachora kwa kwenda soko la Feri asubuhi.

"Dada, unanunua au unaposa?" wauzaji walinitania, maana nilikuwa nasimama mbele ya samaki mmoja robo saa nzima.

Niliyekuwa namtaka ni pono. Nilikulia pwani ya kusini, kuogelea nilijua kabla ya kusoma, na kwenye maji kupwa tulikuwa tunashindana kuchokoa pweza. Pono nilimjua akiwa hai kwa jinsi mtoto anavyojua kitu: kwamba ni mzuri. Kijani kinaanzia wapi, ule uwekundu unapita juu ya jicho au chini yake, hayo sikuwahi kuyaangalia, kwani nani aliniambia siku moja nitaulizwa na serikali? Na pono akifa, rangi zinamtoka. Pale Feri tayari amefifia. Nikimpitisha juani hadi ofisini, amekuwa kama sufuria kuukuu. Nilikuwa namchora mbiombio kwa sababu jioni yeye ndiye kitoweo.

Kitabu kikatoka, picha nyeusi na nyeupe, hakuna aliyelalamika. Kisha nchi moja rafiki ikatupa mashine ya kuchapa kwa rangi. Picha ya majaribio ya mwamba wa matumbawe, kazi ya mikono yangu, ikapelekwa shule chache za pwani. Mwalimu mmoja akajibu kwa barua fupi ambayo mpaka leo naikumbuka ilivyokunjwa: watoto wa darasa la nne wanauliza, huyu samaki anaumwa nini?

Nililia chooni. Halafu nikaosha uso, nikaenda kwa meneja, nikamwambia mchoraji wako hawezi kuchora mwamba kutoka kwenye beseni. Niruhusu nizame, nione pono mmoja akiwa hai, dakika kumi tu, nirudi na rangi zake. Meneja hakuwa mtu mbaya. Alisema ni wazo zuri sana, na kwa kuwa ni zuri, litaundiwa kamati.

Kamati ikawa ya watu sita: mwenyekiti, ambaye ndiye aliyekuwa anasimamia utumishi na magari; mhasibu; mtunza stoo; wajumbe wawili wa tawi la chama pale kazini; na msahihishaji wetu mkuu wa maandishi, mzee wa heshima aliyekuwa anaogopa hata ndoo ikijaa sana. Kati ya sita hao hakuna aliyejua kuogelea. Mimi niliingizwa kama mwalikwa. Mwalikwa anakaa karibu na mlango, haulizwi, na ndiye anayetumwa. Nikatumwa nikakague vituo vya kuzamia, niandike ripoti, kamati ichague.

Kituo cha kwanza kilikuwa klabu ya wageni, ufukwe wa kaskazini, ambako basi linageuzia halafu unamalizia kwa miguu. Mlinzi wa getini alikuwa na daftari.

"Karibu dada. Wewe mwanachama?"

"Natoka ofisi ya vitabu vya shule."

"Nimeuliza mwanachama."

"Hapana."

"Na huyo wa mgongoni?"

Aliuliza kwa dhati kabisa, kalamu mkononi. Mwisho akaniitia mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa na Kiswahili safi kuliko cha mhasibu wetu. Mama yule, lazima niseme ukweli, alinionyesha kila kitu. Mitungi ilipangwa kwenye rafu kama vitabu, kila mmoja una kadi yake: umejazwa lini, umepimwa lini, na nani. Akafungua mmoja kidogo, akaniambia ninuse.

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu."

"Basi hiyo ndiyo hewa nzuri," akasema. "Ukisikia kitu, usishuke."

Nilidhani nimefika. Kumbe mgeni hawezi kuzama mpaka atambulishwe na wanachama wawili. Akaniuliza kwa upole kama kuna mwanachama yeyote ninayemfahamu. Nilimfahamu mlinzi.

Kituo cha pili kilikuwa cha umma, kwenye hoteli moja ya shirika. Bango lake lilikuwa zuri ajabu, limeandikwa kwa rangi ya buluu, na ndani kulikuwa na meza, kiti, kitabu cha wageni na mitungi kumi na miwili inayong'aa. Mwangalizi wa kituo alinipokea kwa furaha ya mtu ambaye hajaona mgeni tangu uzinduzi.

"Mwalimu wa kuzamia yupo?"

"Yupo semina."

"Dereva wa boti?"

"Wako pamoja semina hiyohiyo."

"Na mashine ya kujazia hewa?"

Mashine ilikuwepo. Mkanda wake haukuwepo. Ulikuwa umeombwa, na ombi lilikuwa limejibiwa kwamba limepokelewa. Nikauliza, sasa mitungi hii inajazwaje? Mwangalizi akashusha sauti kama anayeonyesha dhahabu. Mitungi yote ilijazwa mara moja, kwa mashine ya kuazima, siku ya uzinduzi. Tisa ilitumika kwenye maonyesho. Mitatu ilikuwa imetengwa kwa ajili ya mgeni rasmi na msafara wake, lakini mgeni rasmi alikata utepe, akala kamba wa kukaanga, akaondoka.

"Kwa hiyo hewa yake ipo," akasema. "Haijaguswa."

"Ile ile?"

"Ile ile. Tunaifuta vumbi kila Jumatatu."

Nikaomba ninuse. Ilinuka rangi ya mafuta.

"Mitungi ilipakwa rangi kwa ajili ya sherehe," akaeleza. "Lakini nje tu, dada. Nje tu."

Kituo cha tatu hakikuwa kituo. Mchuuzi mmoja wa Feri ndiye aliyenielekeza: mzamiaji mstaafu wa bandari, mtu aliyekata kamba kwenye pangaboi za meli miaka yote, sasa anazamia kamba-koche mara mojamoja, anaishi bonde la Jangwani. Nilimkuta uani kwake anashona ndala. Ukutani mstari wa mafuriko ulikuwa usawa wa dirisha, na mitungi yake miwili ilikuwa inaning'inia darini kwa kamba, ili maji yakija usiku yasije yakaondoka nayo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nani kafa maji?"

"Hajafa mtu. Nataka kuzama."

Hakucheka. Aliweka ndala chini. Akaniuliza nilijifunzia wapi kuogelea, kama masikio yamewahi kunitoka usaha, kama nanyonyesha. Kisha akaniambia niulize na mimi. Nikauliza hewa yake anajaza wapi: karakana ya bandari, kwa wenzake wa zamani, wiki hiyo hiyo ya kushuka. Nikanusa. Hakuna kitu. Nikauliza anachukua watu wangapi kwa mara moja.

"Mmoja. Macho nina mawili, yanamtosha mtu mmoja."

"Na sisi tukiwa chini, nani anabaki juu?"

Hapo ndipo alipotabasamu, meno matatu. "Wengi wanakuja hapa wananiuliza boti ina mwendo gani. Hao nawafukuza. Anayeuliza nani anabaki juu, huyo namchukua. Mpwa wangu anabaki kwenye boti, ameshika kamba, na kazi yake ni hiyo tu, havuti hata sigara. Sasa na mimi nikuulize. Huyo mtoto, juu utamwachia nani? Mtu aliyeacha moyo wake ufukweni hawezi kupumua vizuri chini."

Nikamuuliza kama anaweza kunieleza rangi za pono, niepuke kazi yote hiyo.

"Mimi nikiwa chini naangalia kamba na mikono yangu. Rangi sina habari nazo, nitakudanganya. Shuka mwenyewe."

Kizuizi kilikuwa kimoja. Injini ya boti ya mpwa wake ilikuwa inataka debe moja la petroli, na petroli ilikuwa kwa kibali, na kibali walikuwa wanapewa ofisi, siyo wazee wa Jangwani. Nikamwambia hilo niachie mimi, ofisi yangu inacho. Niliamini ninayosema.

Kwa mtoto nilikwenda kwa bibi mwenye nyumba wetu, mwanamke aliyekuwa anatufokea wapangaji kwa zamu, kila mmoja na siku yake.

"Akazame! Kwani hewa ya huku juu haikutoshi?"

"Ni kazi, bibi."

"Kazi ya samaki. Hao samaki wenyewe wamekuita?" Akachambua mchele kidogo. "Haya. Nitakaa ufukweni nimshike. Lakini ukifa simnyonyeshi, nakwambia mapema."

Nikaandika ripoti. Kurasa tatu, kwa taipu, bila kosa. Nilipendekeza mzee wa Jangwani, asubuhi moja, mtu mmoja, debe moja la petroli. Nilitaja hewa isiyonuka. Nilitaja nani anabaki juu. Ni maandishi ninayoyaonea fahari kuliko picha zangu zote.

Kikao kilichukua asubuhi nzima. Klabu ya wageni iliondolewa kwa dakika moja: mabwanyenye. Kisha mwenyekiti akafungua ukurasa wa mzee wa Jangwani.

"Huyu ana ofisi?"

"Ana ua," nikasema.

"Ana muhuri?"

"Hana muhuri. Ana hewa."

"Hujaulizwa hewa. Barua yenye kichwa?"

"Hana."

Mjumbe mmoja wa tawi akavua miwani. "Ndugu mwenyekiti, mimi kinachonitia wasiwasi ni hapa. Anachukua mtu mmoja mmoja. Huyo mmoja ni nani?"

Wote wakanitazama mimi niliye karibu na mlango.

"Mimi," nikasema. "Ndiye ninayechora."

"Unaona?" mjumbe akawaambia wenzake, kwa huzuni. "Watu sita tukae hapa, tupitishe petroli ya umma, akafaidi mtu mmoja. Mzee huyu anafundisha ubinafsi chini ya maji."

Basi wakachagua hoteli. Ilikuwa ya umma, ilikuwa na muhuri, na walipofika kwenye mstari wa hewa ya mgeni rasmi, ambao mimi niliuandika kama onyo, nyuso zao ziling'aa. Mhasibu aliusoma mara mbili. Hewa iliyotengwa kwa mkubwa, haijaguswa! Mitungi mitatu, wajumbe sita, nusu kwa nusu, kila mmoja sawa na mwenzake. Hakukuwa na mgawanyo mzuri kuliko huo katika historia ya ofisi yetu.

"Na mimi?"

"Wewe si mjumbe, mama," mwenyekiti akasema, na alisema kama mtu anayenihurumia kweli. "Wewe mwalikwa. Tukikuingiza wewe, hewa haigawanyiki. Lakini utakuja. Sisi tutaona, wewe utaandika, kisha utachora. Kwani kuna ubaya gani macho sita yakakusaidia?"

"Macho kumi na mawili," akasahihisha msahihishaji.

Nilivumilia. Nataka ieleweke kwamba hadi hapo nilikuwa navumilia. Nilijiambia labda siku yenyewe atatokea mmoja ataogopa, hewa yake itabaki, nami nitashuka. Nikavaa nguo ya kuogelea ndani ya gauni. Ile siku ikasogezwa mbele mara mbili kwa sababu ya gari, na iliposimama ilikuwa siku ambayo bibi mwenye nyumba yuko msibani Bagamoyo. Nikambeba mtoto. Nikabeba chai, karatasi, penseli za rangi, na mfuko wa mihogo ya kukaanga.

Mwalimu wa kuzamia alikuwa amerudi kutoka semina, mtu mpole aliyekwisha kuelewa ameletewa nini. Aliwapeleka kwenye mwamba mfupi, kina cha mtu mmoja na nusu, akafunga kamba, akasema kila mmoja atashuka kwa kushika kamba hiyo, dakika zake, na kupanda. Sawa. Wakavua saa. Hakuna aliyeniuliza kama nataka kuzishika. Mkono ulinyooshwa, saa ikaja, mkono mwingine, saa nyingine.

Na kweli alitokea aliyeogopa. Msahihishaji alishuka ngazi ya boti mpaka maji yakamfika magotini, akakaa hapohapo.

"Mimi hapa pananitosha," akasema.

Nikamsogelea. "Mzee wangu, basi nipe mgao wako mimi. Nimevaa kabisa. Nishikie mtoto dakika tano."

"Mtoto namshika kwa furaha," akasema. "Ila hewa, mwanangu, hewa siwezi kuitoa bila kikao."

"Lakini huivuti!"

"Nisipoivuta ni hiari yangu. Haimaanishi si yangu."

Nikamgeukia mwenyekiti, aliyekuwa anasubiri zamu yake huku akijifunga mkanda wa vizito vya kuzamia juu ya kaptura ya kazini. Nikamwomba. Nilitumia maneno yote ya adabu ninayoyajua. Akatikisa kichwa, na jibu lake lilikuwa lile lile la duka la ushirika unapoomba kuchukua sukari ya jirani anayeumwa.

"Mgao hauhamishwi, mama. Tukianza hivyo leo, kesho tutaishia wapi?"

Nikamwomba mwalimu anipe miwani tu, bila mtungi, nitabana pumzi kama nilivyobana utotoni. Akaniangalia kwa aibu. Miwani iliandikishwa pamoja na mtungi, namba moja, haitoki peke yake. Utauliza kwa nini sikujitupa tu majini hivyohivyo. Jaribu siku moja kufumbua macho baharini bila miwani. Bahari yote ni rangi moja.

Mwenyekiti akashuka. Nikahesabu dakika nne. Chini ya boti ile, umbali wa mtu mmoja na nusu, pono walikuwa wanatafuna matumbawe yao na rangi zao zote mwilini, na mimi nilikuwa juu yao na penseli ishirini na nne zilizochongwa. Akaibuka. Yaliyofuata nimekwisha kuyasema.

Safari ya kurudi kamati nzima ilinipa mgongo. Mtoto peke yake ndiye aliyecheka njia nzima, akizitafuna saa moja baada ya nyingine kabla sijazirudisha.

Baada ya siku tatu nikapata barua: nijieleze kwa maandishi kwa nini nisichukuliwe hatua kwa kumwaga mali ya umma, yaani chai. Kuhusu samaki hapakuwa na neno, isipokuwa mstari mmoja wa mwisho kwamba picha ya mwamba ikamilishwe mara moja, kwa rangi za kupendeza, kama ilivyoshuhudiwa na kamati. Nilikaa kwenye taipu wakati wa chakula cha mchana, mtoto akinyonya, nikapiga nakala tatu. Kwa utaratibu wetu lalamiko lilitakiwa lipitie kwa msimamizi wa utumishi, na msimamizi huyo alikuwa mwenyekiti. Nilimpelekea mwenyewe mezani. Aliisoma yote, akaipiga muhuri. Niliandika hivi:

*Kwa Ndugu Meneja,*

*Kupitia kwa Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Safari ya Mwambani, ambaye ndiye ninayemlalamikia, na anaombwa asiikalie.*

*YAH: MALALAMIKO KUHUSU HEWA*

*Kichwa cha habari hapo juu kinahusika, na mimi pia nahusika.*

*Nimetakiwa kujieleza kuhusu chai. Niliimwaga. Nilikuwa na akili timamu, mtoto kwenye kanga na saa sita mkononi, kwa hiyo naweza kutaja na wakati: ilikuwa saa nne na dakika kumi na moja.*

*Nalalamika kwamba safari iliombwa ili mchoraji aone samaki hai, na mtu pekee ambaye hakuwaona ni mchoraji. Nalalamika kwamba niliandika kurasa tatu kuhusu namna ya kuchagua kituo cha kuzamia, na kituo kikachaguliwa kwa muhuri. Nalalamika kwamba hewa ya nusu mtungi imerudishwa hotelini bila kuvutwa na mtu, na sasa inafutwa vumbi kila Jumatatu, wakati mimi nilinyimwa kwa sababu haitoshi.*

*Kuhusu sukari, niko tayari mgao wangu wa mwezi ujao wapewe wanakamati wote sita, mara tu Ndugu Mwenyekiti atakapothibitisha kwa maandishi kwamba mgao unaweza kuhamishwa.*

*Naomba nipewe asubuhi moja na kibali cha debe moja la petroli, nishuke na yule mzee niliyempendekeza. Wa kumshika mtoto ninaye.*

*Ikiwa hilo haliwezekani, picha nimeikamilisha na naiambatisha. Pono nimempaka rangi ya sufuria, kwa kuwa hiyo ndiyo rangi niliyoonyeshwa na ofisi. Rangi za kupendeza sikuzipata katika boksi la penseli. Naomba chini ya picha yachapwe maneno yafuatayo, kwa herufi zinazosomeka na mtoto wa darasa la nne: Samaki hawa walichorwa wakiwa wamekufa.*

*Ni mimi niliyebaki juu,*

*Mchoraji.*